Jakuzi ya nje wakati wa winta: ama iwake muda wote, ama uikaushe kabisa

Hii ni kwa nyie mnaokaa Minnesota, Michigan, Toronto na huko kwingine kwenye baridi ya kweli, mmenunua nyumba ikaja na jakuzi kule nyuma kwenye deki, au mmejinunulia wenyewe. Winta jakuzi inatumika vizuri tu, tena mi naona ndo msimu wake hasa, nje iko -20 Selsiasi we umekaa kwenye maji ya 38, mvuke unapanda mpaka uzio wa jirani huuoni. Ila kuna jambo moja watu wetu wengi wanakosea na wanakosea kwa nia nzuri kabisa, kupunguza bili ya umeme. Jakuzi yenye maji haizimwi winta. Hamna cha kuzima Jumatatu uje uwashe Ijumaa jioni wageni wakija. Ama inawaka muda wote mpaka theluji iishe, ama unaikausha mpaka tone la mwisho, hapo katikati ndo mabomba yanapasuka.

Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9. Yale ya kwenye beseni lenyewe ni mengi na yanachukua muda kupoa, shida iko kwenye vibomba vyembamba vinavyoenda kwenye jeti (yale matundu yanayosukuma maji kwa kasi) na yale maji machache yanayobaki ndani ya pampu, hayo yanaganda haraka sana pampu ikishasimama. Na ubaya wake ni kwamba bomba la plastiki (PVC) likipasuka hujui, barafu yenyewe inaziba ufa, alafu Aprili ikiyeyuka unakuta maji yanavuja nyuma ya fomu (ile sponji ngumu ya kuzuia baridi) na fundi inabidi aichimbe yote kutafuta palipopasuka.

Kwa hiyo joto liache kwenye 100 hadi 102 Farenhaiti, hiyo ni kama 38 au 39 Selsiasi, mwisho kabisa ni 104 usipite hapo. Ukisafiri lishushe mpaka 85 Farenhaiti hivi (kama 29 Selsiasi) lakini usizime, na umwachie mtu anayeaminika namba ya simu na ruhusa ya kuingia bekiyadi aangalie kila siku kama taa ya kontroli inawaka. Kuna modi za kubana umeme ambazo zinapasha maji saa chache tu kwa siku, winta achana nazo, weka ile ya kawaida, na mizunguko ya kuchuja igawe vipande vidogo vidogo mchana na usiku badala ya mmoja mrefu, ili maji yasikae muda mrefu bila kutembea. Piga hesabu ujionee: hita ya kilowati 5.5 inapandisha lita 1500 kama nyuzi 3 za Selsiasi kwa saa, na hapo kifuniko kimefungwa, maji yakishapoa mpaka nyuzi 5 utangoja zaidi ya saa 10. Zile za kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya volti 120 zina hita ndogo, na nyingi hita inajizima jeti zikiwaka, kwa hiyo ukikaa nusu saa maji yanapoa na wewe ukiwa ndani. Za kujaza upepo ndo kabisa, nyingi maelekezo yake yanasema zisitumike baridi ikishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, hizo ikifika Oktoba kausha, kunja, peleka besimenti.

Kifuniko ndo kitu ninachokipa uzito kuliko vyote, maana joto kubwa linatokea juu. Subiri theluji idondoke usiku alafu asubuhi toka ukaangalie kabla hujaifagia. Ikiwa imelala sawasawa juu ya kifuniko chote, uko vizuri. Ukiona mstari umeyeyuka pale katikati kinapokunjika, au barafu inaning'inia kona moja kama meno, joto linatokea hapo, ule ukanda wa ndani wa kuziba umechoka au mikanda ya pembeni haijakazwa. Alafu kinyanyue upande mmoja, kikiwa kizito kuliko zamani ujue fomu ya ndani imenyonya maji na haizuii tena baridi, hapo hamna dawa zaidi ya kununua kipya. Theluji ifagie kwa fagio laini kila ikidondoka, usiiache irundikane, uzito wake unakipinda, na koleo la chuma usilisogeze pale maana litachana vinyl. Kikiganda kwenye ukingo usikivunje kwa nguvu, mwagia maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka kiachie.

Maji badilisha mwishoni mwa Oktoba au Novemba mwanzoni kabla baridi haijakaza, ukijaza maji mapya wakati huo yanakufikisha Machi bila kulazimika kumwaga Januari, kazi ambayo simuombei mtu. Kimo cha maji kiangalie kila wiki. Mvuke unayapunguza, na yakishuka chini ya mdomo wa kichujio pampu inavuta hewa, hita inajizima yenyewe kwa usalama, na usiku huo huo unaweza kuamka na tatizo. Bomba la nje kwa kawaida limeshafungwa msimu huo, kwa hiyo vuta hosipaipu kutoka sinki ya chumba cha kufulia au beba ndoo, na ukimaliza mwaga maji yote yaliyomo kwenye hosipaipu uirudishe ndani, ukiiacha nje kesho ni fimbo.

Upande wa dawa, baridi isikudanganye. Maji ni ya moto na bakteria wa Legionella wanapenda maji ya vuguvugu, hawajali nje kuna theluji. Klorini isishuke chini ya 3 ppm (yaani miligramu 3 kwa lita), kama unatumia bromini basi 4, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, alkalini 80 hadi 120. Vipimo vya karatasi vinatosha kabisa, pima mara mbili kwa wiki na kila mkimaliza kukaa watu wengi. Dawa tia jeti zikiwa zinazunguka, moja moja, usichanganye klorini na asidi kwenye kikombe kimoja hata siku moja, inatoa gesi ya sumu. Na hapa niseme ukweli kwetu sisi: winta tunajipaka sana, vaseline, shea, mafuta ya nazi, na kichwani kuna mafuta ya misuko. Yote hayo yakiingia kwenye maji ya moto yanakuwa povu, mstari wa nta kuzunguka beseni, na kichujio kinaziba kabla ya wakati. Ogeni kwanza kwa sabuni, wenye misuko vaeni kofia ya kuogea, mafuta mtapaka mkishatoka.

Kichujio nunua viwili. Zima kwenye breka, toa kichafu, weka kisafi, washa, dakika chache tu. Kile kichafu kikaoshe bafuni kwa maji ya kasi, mara moja kwa mwezi kiloweke usiku kucha kwenye dawa yake, alafu kianike ndani. Kichujio kilichoziba winta kina hatari mara mbili maana maji yanapita polepole na hita inakata.

Ngazi na njia ya kwenda ndani mwaga mchanga, chumvi hapana, inaingia na miguu mpaka kwenye maji. Wenye presha, moyo, na akina mama wajawazito waulize daktari kwanza, pombe iache ndani ya nyumba, watoto wadogo wasiachwe peke yao hata dakika moja, na kifuniko kifungwe kwa kufuli zake kila mkitoka.

Sasa umeme ukikatika. Februari 2021 Texas zaidi ya nyumba milioni 4 zilikosa umeme kwenye ile dhoruba ya baridi, na mabomba ya watu yalipasuka huku na huku, kwa hiyo usidhani mambo ya kugandisha ni ya kaskazini tu. La kwanza kabisa usifungue kifuniko, tandika mablanketi juu yake na turubai juu ya mablanketi, jakuzi iliyofungwa vizuri inaweza kuhimili siku nzima hivi, kwenye baridi kali sana pungufu ya hapo. Angalia breka, mara nyingi ni yako tu imeruka na jirani ana taa. Kama umeme upo ila pampu imekufa, weka hita ndogo ya umeme ndani ya kabati ya pembeni, kwa nguvu ya chini, mbali na fomu na nyaya, na uwe unaiangalia, huku unampigia fundi. Ukiona umeme haurudi na maji yanakaribia nyuzi 10 za Selsiasi, usingoje, mwaga wakati bado ni maji.

Kumwaga kwenyewe, iwe ni dharura au umeamua tu mwaka huu huitumii, ni hivi. Zima breka. Fungua bomba la chini au tumia pampu ya kuzamisha, maji yaelekeze kwenye nyasi na sio kwenye njia ya gari, yataganda hapo. Kisha fungua nati kubwa za pande mbili za pampu na vile vizibo vidogo vya chini yake, hapo ndo maji yanajificha. Vakyumu ya maji igeuze ipulize, pita kila jeti moja moja mpaka itoke hewa tupu, rudia, alafu ivute yaliyobaki chini. Malizia kwa kumimina ile antifrizi (dawa ya kuzuia maji kuganda) ya pinki ya magari ya kulala kwenye mabomba, ile ya kwenye redieta ya gari ni sumu usiitumie. Vichujio na mito ya kuegemea kichwa ingiza ndani, kifuniko funga kwa mikanda yake, na masika ukirudi jaza maji, zungusha, mwaga yale ya kwanza yote pamoja na ile pinki, ndo ujaze ya kukaa.