Kuomba ufadhili wa serikali ya Urusi: majina na mihuri kwanza, tovuti baadaye

Maombi yanapitia education-in-russia.com, na kujaza fomu yenyewe si kazi ngumu. Watu wanakwama kwenye vyeti. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa miezi ya mwisho ya mwaka, kwa masomo ya Septemba inayofuata, kwa hiyo vyeti vishughulikie mapema.

Panga mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita. Soma majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kina "Hamis" na kingine "Khamisi", au hapa majina mawili na pale matatu, rekebisha ukiwa bado nyumbani. Kwa ofisi ya Urusi hao ni watu wawili.

Kisha mihuri. Wa Burundi au Rwanda anagongewa apostile (muhuri mmoja unaotambuliwa kimataifa), basi. Mtanzania anapita wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi wa Urusi. Mihuri ikikamilika ndipo unapeleka kwa mfasiri, na tafsiri inathibitishwa na mthibitishaji. Usigeuze mpangilio huu. Mfasiri anatakiwa kutafsiri na mihuri pia; ukitafsiri kwanza, utalipa mara ya pili. Ni kweli kwamba kwenye tovuti skani zinatosha. Lakini chuo kitadai mihuri siku ya kukusajili, na kukirudisha cheti nyumbani kutoka miji ya Urusi kama Kazan au Tomsk ni gharama na wiki nyingi za kusubiri.

Tafsiri ya kwanza iwe ya pasipoti, kwa sababu ndiyo itakayoamua jina lako kwa herufi za Kirusi. Sauti yetu ya J huandikwa kwa herufi mbili: Juma ni Джума. Mfasiri mzembe ataandika Юма, yaani "Yuma". H nayo wengine huiandika Х, wengine Г, na Hamisi anakuwa Gamisi. Toa nakala ya tafsiri ya pasipoti, mpe kila mfasiri anayegusa karatasi zako, na siku ya kuchukua viza linganisha jina kabla hujaondoka dirishani.

Kwenye fomu unachagua vyuo 6. Moscow visizidi 2, Saint Petersburg visizidi 2, na wilaya moja ya shirikisho, yaani kanda kubwa ya mikoa kadhaa, visizidi 3. Jaza nafasi zote 6, na uingize vyuo vya mikoani. Vingine ni vizuri sana na maisha huko ni nafuu.

Hesabu miaka kwa ukweli. Bakalavriati (shahada ya kwanza) ni miaka 4, magistratura (uzamili) 2, udaktari wa binadamu 6. Usiyejua Kirusi unaongeza mwaka mmoja wa podfaki, kitivo cha maandalizi, ambako unasoma lugha pamoja na masomo ya fani uliyoombea. Daktari basi ni miaka 7. Chagua fani kwa uhakika, maana kuhama baada ya podfaki ni shida kubwa.

Serikali inalipa ada na kukupa posho ndogo ya ruble isiyotosha kuishi. Hosteli unalipia bei ya mwanafunzi. Nauli, bima, chakula na koti la baridi ni juu ya familia. Ongeeni hilo kabla ya kuomba.

Viza inahitaji cheti cha kipimo cha VVU. Ukitua, tunza kadi ya uhamiaji unayopewa mpakani na upeleke pasipoti ofisi ya wanafunzi wa kigeni mara moja: usajili wa makazi una siku 7 za kazi tu. Vipimo vya afya ni ndani ya siku 30, alama za vidole ndani ya siku 90.

Viza ya kwanza mara nyingi ni ya siku zisizozidi 90 na ya kuingia mara moja. Chuo ndicho kinachoiongeza, na huhitaji pasipoti yako takribani siku 45 kabla haijaisha. Usivuke mpaka kabla ya kupata viza mpya, hata kwa msiba. Ukitoka, ya zamani haikurudishi.