Glasgow kwanza, Edinburgh baadaye: siku tano za kutembea na kula Uskoti

Wageni wengi niliowapokea huku walikuja na mpango uleule: siku nne Edinburgh, halafu alasiri moja Glasgow "tuione tu". Wanafika Glasgow miguu imekwisha, mvua inanyesha, wanapiga picha mbili tatu mtaa wa Buchanan, wananunua soksi na kurudi stesheni. Wakifika nyumbani wanasema Glasgow haina kitu. Neno hilo linaniuma, kwa sababu kwangu mimi Glasgow ndio mji unaomshibisha mgeni, na makumbusho yake makubwa unaingia bila kulipa hata senti.

Miji hii imeachana kwa kilomita 75 hivi. Treni ya moja kwa moja kati ya stesheni ya Queen Street, Glasgow, na Waverley, Edinburgh, hutumia dakika 50 hivi, na mchana wa siku za kazi hutoka kila robo saa. Ukaribu huo ndio unaowaponza watu. Wanajibanza mji mmoja, ule mwingine wanaufanya wa kwenda na kurudi, na kila jioni wanaikatiza ili wawahi treni. Lala siku mbili Glasgow, kisha hamisha mizigo ulale siku mbili Edinburgh. Na usipindue mpangilio huo bila sababu. Edinburgh ni mji wa kupanda na kushuka, ngazi juu ya ngazi, na uzuri wake uko wazi mno. Ukianza nao utautumia mwili wote huko. Glasgow inakupokea taratibu, ukiwa bado na uchovu wa safari.

Hati na tiketi

Ukiwa unaishi Uingereza kihalali, Uskoti ni sehemu ya nchi hiyohiyo. Hakuna mpaka wa kukaguliwa kati ya London na Glasgow. Ndugu zetu wa Ujerumani, Sweden au Uholanzi ndio wanaojikwaa: viza ya Schengen haikuingizi Uskoti, wala kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen. Ukiwa bado na pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, unaomba viza ya Uingereza ya mgeni, na uiombe mapema kabla ya kulipia kitu kisichorudishwa. Ukiwa umeshachukua uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland), Marekani au Kanada, unahitaji kibali cha mtandaoni kiitwacho ETA. Kinaombwa kwa simu, lakini usikiache hadi asubuhi ya safari. Nimeshapokea simu kutoka uwanja wa ndege wa mbali, mtu analia, familia nzima imeshapita yeye kabaki.

Kwa usafiri, ingia kwa mlango mmoja na utoke kwa mwingine. Kutoka London, treni ya Euston inakushusha Glasgow Central, na ya kurudi unaipanda Waverley hadi King's Cross. Kila moja ni kama saa nne na nusu. Wa ndege vilevile: tua Glasgow, ondokea Edinburgh, ambako tramu inakufikisha uwanjani. Hivyo ile safari ya kati ya miji unailipia mara moja tu.

Kuhusu nauli hiyo ya kati, mambo yamekuwa rahisi. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 ScotRail imefuta nauli ya juu ya saa za msongamano. Tiketi ya kwenda na kurudi iliyokuwa pauni 32.60 asubuhi ikashuka hadi 16.80 saa zote. Basi la Citylink namba 900 linachukua zaidi ya saa moja, lakini linatembea usiku na mchana, na usiku wa manane ndilo tegemeo.

Mwezi nao ni wa kufikiria. Juni jua linazama saa nne usiku, unaweza kula chakula cha jioni ukapanda mlima baadaye. Desemba giza linaingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo mambo ya nje yamalize kabla ya chakula cha mchana. Agosti ni mwezi wa matamasha Edinburgh, ikiwemo Fringe iliyoanza 1947, na vyumba vinakuwa ghali kupita kiasi. Hapo ndipo ninapokubali kuvunja kanuni yangu: lala Glasgow siku zote nne na uende Edinburgh mchana. Pia, kuanzia 24 Julai 2026 Edinburgh inatoza asilimia 5 ya gharama ya malazi, kwa siku tano za kwanza mfululizo. Ukilinganisha bei, uliza kama imo ndani.

Glasgow

Siku ya kufika usipange kitu kizito. Weka mizigo, tembea katikati ya mji, ipite sanamu ya Duke of Wellington aliyepanda farasi mbele ya jumba la sanaa za kisasa. Ana koni ya barabarani kichwani. Wenyeji wameirudisha kila ilipoondolewa, hadi imekuwa alama ya mji. Hapo uko jirani na eneo la Merchant City, na soma majina ya mitaa: Buchanan, Glassford, Ingram. Hao walikuwa matajiri wa tumbaku, tumbaku iliyolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Mbele kidogo kuna mtaa wa Jamaica. Huhitaji mwongozaji, vibao vya mitaa vinasema vyenyewe.

Jioni hiyo kula mchuzi. Glasgow ina migahawa ya Kihindi na Kipakistani ya miaka mingi, na mji huu unadai kwamba chicken tikka masala ilizaliwa hapa miaka ya 1970, katika mgahawa wa Shish Mahal wa Ali Ahmed Aslam, aliyefariki 2022. Wapo wanaobisha. Mimi sibishani, nachovya mkate. Kwa Mwislamu hii ndiyo jioni rahisi zaidi ya safari, maana migahawa mingi ya namna hii hutumia nyama halali. Uliza tu kabla ya kukaa.

Siku ya pili ni ya makumbusho ya Kelvingrove. Panda treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa Desemba 1896. Ina stesheni 15 tu na inazunguka duara, kwa hiyo ukipitiliza hupotei, unarudi ulikoanzia. Shuka Kelvinhall na uhakikishe umo ndani ya makumbusho kabla ya saa saba mchana. Saa hiyo, Jumatatu hadi Jumamosi, mtu hukaa kwenye kinanda kikubwa kilichoko ghorofani na kupiga kwa nusu saa hivi. Jumapili ni saa tisa.

Nilimpeleka shangazi yangu alipokuja kunitembelea. Tulikuwa tumesimama chini ya tembo aliyekaushwa, yeye ananieleza kwamba magoti yamechoka na angependa chai, mara sauti ikashuka kutoka juu kama radi iliyofundishwa adabu. Alikaa kwenye benchi palepale, pochi mapajani, akafumba macho. Kinanda kilipiga wimbo ambao kwaya ya kanisani kwao huimba Pasaka, naye akaufuata kwa midomo bila kutoa sauti. Ulipoisha akaniambia, "Mwanangu, chai tutakunywa, lakini kwanza tusubiri kama ataongeza." Hatukuona nusu ya vyumba siku ile. Ile ndege ya kivita inayoning'inia darini tuliipita hatujaitazama, na picha ya Dalí ya Kristo msalabani, ambayo mji uliinunua 1952, tuliifikia dakika za mwisho. Sijuti hata kidogo. Ndiyo maana nasema kila siku ipe jambo moja kubwa na mlo mmoja wa kukaa. Mengine yaache yaje yenyewe.

Ukiwa na nguvu, chuo kikuu kiko juu ya kilima cha jirani, nyumba ya mawe yenye mnara unaouona kutoka Kelvingrove. Na ikinyesha, nawe ujue Glasgow hupata mvua nyingi kuliko Edinburgh, acha mwavuli. Upepo wa huku huupindua. Vaa koti la mvua lenye kofia.

Asubuhi ya tatu, kabla ya kuhamia Edinburgh, kuna safari fupi ninayowasihi watu wa kwetu wasiikose. Kutoka Glasgow Central treni inakufikisha Blantyre chini ya nusu saa. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813, katika chumba kimoja cha nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Sisi tulimsoma shuleni kama mzungu aliyekuja. Kusimama kwenye kile chumba kidogo kunakufanya umwone upya, lakini zaidi nilitaka kuwaona Chuma na Susi. Makumbusho yalifunguliwa upya 2021 na yanawataja waliosafiri naye. Livingstone alifariki Mei 1873, nao pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi pwani ya Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Angalia siku wanazofungua, hasa majira ya baridi, na mizigo mikubwa uiache kwanza pale Glasgow Central.

Edinburgh

Ngome ya Edinburgh ina tiketi za saa maalumu. Nunua mtandaoni siku kadhaa kabla. Ni nafuu kuliko mlangoni, na kiangazi mlangoni unaweza kukosa kabisa. Chagua asubuhi, ili saa saba kamili uwe bado ndani mzinga unapopigwa. Unapigwa kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu 1861. Watoto waandae mapema, mlio ni mkubwa kweli.

Watu hukosea mwelekeo. Royal Mile ni mteremko wa kilomita 1.8 kutoka ngome hadi kasri la Holyrood. Anzia juu ushuke. Ukiwa na mzee au kigari cha mtoto, panda basi linalopita The Mound badala ya kuzikabili ngazi za vichochoro vinavyotoka Waverley. Kasri hufungwa familia ya kifalme inapokuwepo, kwa kawaida mwishoni mwa Juni na mwanzo wa Julai. Pale chini unaona Arthur's Seat, mlima wa mita 251 uliokuwa volkano. Kwa mtu mzima mwenye viatu vya kushika, saa moja inatosha kufika kileleni. Wasioweza waende Calton Hill, dakika kumi za kupanda, na mji wote unauona.

Makumbusho ya taifa yako Chambers Street, bure, na ghorofani kuna baraza lenye mandhari ya ngome. Dolly yuko humo, yule kondoo aliyezaliwa 1996 kwa kunakiliwa kutoka chembe ya kondoo mwingine.

Sasa chakula. Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, yaliyosagwa pamoja na kitunguu, mafuta, pilipili manga na oti ile ya uji, kisha yakapikwa ndani ya mfuko kama soseji nene. Mkenya ataifikiria mutura, ila hii haina damu na ni laini, unaila kwa uma. Huletwa na viazi vilivyopondwa na mzizi mwingine wa rangi ya chungwa, mtamu kidogo. Anayekula halali au asiyekula nyama aombe ile ya mboga, iliyotengenezwa kwa maharage, dengu na oti. Inapatikana sehemu nyingi na kwa kweli ni tamu. Ila asubuhi hotelini ukiona kipande cheusi cha mviringo kwenye sahani, hicho ni black pudding, na hicho kina damu. Asiyekula chochote katika haya aagize cullen skink, supu nzito ya samaki wa moshi, viazi na maziwa. Siku ya upepo hakuna kinachoipita.

Na chipsi. Glasgow watakutilia chumvi na siki. Edinburgh muuzaji anauliza, "Chumvi na sosi?" Nawe sema ndiyo. Anachukua chupa, anatikisa maji ya kahawia mepesi juu ya samaki hadi karatasi inalowa, na harufu ya siki inakufungua pua kabla hujalipa. Kula palepale, ukichelewa chipsi zinalainika. Kabla ya kuagiza uliza wanakaangia mafuta gani, kwa sababu maduka mengi ya Uskoti hutumia mafuta ya ng'ombe. Kwa mlo halali wa bei ya mwanafunzi, nenda eneo la msikiti mkuu, Potterrow. Pale jirani, Nicolson Square, kuna Mosque Kitchen, wali na mchuzi usio na mbwembwe. Maji usinunue popote, ya bomba ni safi.

Kutoka hapo tembea dakika tano hadi George Square, katikati ya chuo kikuu. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo hiki kuanzia 1949, akamaliza shahada yake ya Master of Arts 1952. Mimi hupeleka kila mgeni asubuhi ya mwisho, na kahawa mkononi. Tunazunguka bustani mara moja, tukiwaza kijana wa Butiama aliyevuka mitaa hii ya mawe na baridi yake, miaka tisa kabla ya uhuru alioukomboa bila vita. Wengine hupiga picha, wengine hunyamaza.

Ukishuka kwenda Waverley kuanza safari ya kurudi, kagua pochi. Benki tatu za Uskoti huchapisha noti zao, na ingawa ni pauni ileile, baadhi ya wauza duka kule England huzisitasita, na vibanda vingi vya kubadilisha fedha nje ya nchi huzikataa kabisa. Zimalize palepale stesheni: biskuti za siagi za kupelekea watu, soda ya rangi ya chungwa ya Irn-Bru kwa watoto, na kinachobaki kilipie chai ya safarini.