Namna ya Kupima Kikwazo Kabla ya Kukipigania

Mtu anayeuliza kama azma ya mwanadamu inaweza kushinda kikwazo chochote, mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuchoka, na ndiyo sababu jibu la haraka humdhuru. Akiambiwa kwamba inaweza, atajilaumu kwa kila lisilowezekana, akidhani kuwa nia yake ndiyo iliyopungua. Akiambiwa kwamba haiwezi, huenda akaacha jambo lililobakiza hatua chache tu. Ninaloamini mimi ni kwamba azma haishindi kila kitu, lakini hushinda mengi kuliko tunavyotarajia pale inapoelekezwa kwenye kikwazo ambacho kweli kinaweza kusogea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, na kukaza moyo kunakuja baadaye.

Anza na sentensi moja

Chukua karatasi uandike kinachokuzuia, bila kuchanganya na hisia zako juu yake. "Maisha yamenikataa" ni kilio, na kilio kina haki yake, ila hakikuonyeshi pa kushika. "Nimefeli mtihani wa hisabati mara mbili, na sehemu inayoniangusha ni aljebra" ni kikwazo, kwa sababu ukikisoma unajua kesho asubuhi ufungue kitabu gani. Ukikuta umeandika vikwazo vitatu katika sentensi moja, vitenganishe, kisha tafuta kile ambacho kikiondoka vingine navyo hulegea.

Baada ya hapo jiulize kikwazo hicho kimetoka wapi. Vipo vinavyotokana na maumbile ya dunia au na mantiki yenyewe, na hivyo havijali nia ya mtu yeyote. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu walijaribu kuchora, kwa rula na bikari pekee, mraba wenye eneo sawasawa na la duara walilopewa. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitachunguza tena majawabu ya swali hilo, wala mapendekezo ya mashine za kujiendesha milele, na mwaka 1882 mwanahisabati Mjerumani Ferdinand von Lindemann alithibitisha jambo kuhusu pai, yaani namba ipatikanayo ukigawa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, ambalo lilionyesha kuwa mchoro ule hauwezekani kabisa. Waliotumia miaka yao katika kazi hiyo hawakukosa bidii, na inaniuma kufikiri kwamba huenda baadhi yao walikufa wakiamini kuwa walikosa.

Vipo pia vikwazo vilivyowekwa na watu wengine: sheria mbaya, ubaguzi, mwenye mamlaka anayefunga mlango. Hapa ninaomba uwe mwangalifu sana, kwa kuwa kumwambia mtu mmoja aongeze juhudi mbele ya dhuluma ni kumtwisha mzigo usio wake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu weusi wa Montgomery, nchini Marekani, walisusia mabasi ya mji wao kwa siku 381 kuanzia Desemba 1955, wakitembea kwa miguu na kupeana nafasi katika magari, huku kesi yao ikiendelea mahakamani, mpaka ubaguzi ndani ya mabasi ulipoondolewa kwa amri ya mahakama. Azma ilikuwapo, tena kubwa, lakini ilikuwa ya maelfu waliojipanga. Ikiwa kikwazo chako ni cha aina hii, hatua yako ya kwanza ni kuwatafuta wengine wanaozuiwa na mlango huohuo.

Vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi, ni vya upungufu: ujuzi, muda, fedha, afya, au ujasiri. Hivi husogea, japo kwa viwango tofauti, na sehemu inayofuata inavihusu zaidi.

Badili njia kabla ya kuongeza nguvu

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hunukuliwa kana kwamba inasifu kuvumilia taabu tu, ila mimi ninaona ndani yake maelekezo ya kazi: kitu kikiwa mvunguni, anayesimama wima na kunyoosha mkono kwa nguvu zote hatakifikia, hata akisimama siku nzima.

Ndugu wawili Wilbur na Orville Wright walilijua hilo. Mwaka 1901 nyiririko yao, yaani ndege isiyo na injini, iliinuka kwa nguvu ndogo kuliko walivyokokotoa kutoka kwenye majedwali ya tarakimu za mabawa yaliyotumiwa wakati huo. Wangeweza kuunda nyingine kubwa zaidi na kujirusha tena na tena mpaka wavunjike mifupa. Badala yake walirudi karakanani, wakatengeneza kijisanduku cha kupitishia upepo, na wakapima humo takriban maumbo 200 ya mabawa mpaka wakapata tarakimu zao wenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao yenye injini ilipaa kwa sekunde 12 na kwenda mita 36 hivi. Umbali huo ni mdogo, lakini ulitokana na miezi ya kupima kwa subira.

Fanya vivyo hivyo. Kabla ya kujaribu jambo lilelile kwa mara ya tatu, andika ni kitu gani kimoja utakachokifanya tofauti, na utajuaje kama kimesaidia. Ukikosa la kuandika, usijaribu bado. Muulize mtu aliyekwisha kuvuka hapo. Jaribio liwe dogo kiasi kwamba likishindwa halikufilisi wala kukuvunja moyo.

Jambo jingine linalosaidia sana ni kuamua mapema utakavyotenda kishawishi cha kuacha kitakapokuja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na ameonyesha kuwa mara nyingi hutekelezwa vizuri kuliko nia iliyotamkwa kwa ujumla. Usiseme, "Nitajitahidi kusoma." Sema, "Nikimaliza kula chakula cha jioni, nitakaa mezani na kufanya maswali mawili. Nikikwama kwenye la kwanza, nitaliwekea alama na kwenda la pili." Azma iliyoandikwa hivi haitegemei wewe kuwa na moyo mkunjufu kila siku.

Weka mpaka ukiwa bado una nguvu

Sehemu hii huwaudhi wengi, kwa kuwa tumelelewa na usemi kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Lakini Kiswahili hichohicho kinasema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, na ninaona methali hii ya pili inahitajika zaidi kwa watu wenye azma kali.

Mwezi Januari 1909 mpelelezi wa nchi za barafu Ernest Shackleton na wenzake watatu walikuwa wamebakiza kilomita 180 hivi kufika Ncha ya Kusini ya dunia, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amefika. Chakula kilikuwa kinakwisha. Aligeuka, na wote wanne wakarudi hai. Miaka mitatu baadaye mpelelezi mwingine, Robert Scott, na wenzake wanne waliifikia ncha hiyo, na wote watano wakafa njiani wakirudi. Simlaumu Scott, ambaye alikumbwa na baridi kali mno. Ninachosema ni kwamba Shackleton hakuwa na azma pungufu alipogeuza mgongo.

Kwa hiyo andika leo, ukiwa umetulia, tarehe utakayojitathmini, kiasi cha fedha usichokubali kukizidisha, na dalili ya mwili au ya familia ambayo ikionekana utasimama. Mpe mtu mmoja unayemwamini nakala, kwani siku ya kuumia kila mtu hujitafutia sababu ya kuusogeza mpaka wake mbele kidogo.

Tarehe hiyo ikifika, toa ile karatasi ya kwanza. Kama sentensi ya kikwazo imebadilika, hata kama kipya ni kigumu, umesogea. Weka tarehe nyingine uendelee. Kama imebaki neno kwa neno baada ya njia tatu zilizotofautiana kweli, geuza karatasi na uandike nyuma yake kwa nini ulilitaka jambo hilo tangu mwanzo. Mwaka 1915 barafu ilipoiponda meli ya Shackleton, Endurance, aliacha lengo la kulivuka bara la Antaktika akashika la kuwarudisha nyumbani watu wote 28 waliokuwamo, na hakupoteza hata mmoja. Soma ulichoandika nyuma ya karatasi, kisha tafuta njia nyingine mbili za kulifikia hilo hilo, na chini ya kila moja uandike tena, kwa sentensi moja, kikwazo chake.