Jinsi ya kuzunguka Feri, Magogoni na Posta kwa mguu, asubuhi moja tu

Kama una mgeni anakuja Dar, au wewe mwenyewe umekaa huku miaka kumi na Kivukoni unaijua kwa kushuka Posta, kumaliza shida zako na kuondoka, basi tenga asubuhi moja. Kile kipande kuanzia Feri mpaka Posta ya Zamani ndo palipokaa serikali tangu Wajerumani wahamishe makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaja Waingereza wakakaa palepale, tukapata uhuru na sisi tukakaa palepale. Saivi wizara zimehamia Dodoma na Ikulu ya Chamwino imezinduliwa 2023, ila majengo ya Magogoni yapo na watu wake wapo. Nimefanya kazi mitaa hiyo miaka mingi na bado napapenda sana, kwahiyo njia nayokupa hapa ndo nayowapitisha ndugu zangu wakija. Nimeipanga kwa kufuata jua, sio kwa kufuata miaka ya historia, maana jua la saa sita likikukuta barabarani hutaangalia kitu tena, utatafuta kivuli tu.

Njoo na mwendokasi inayoenda Kivukoni na usishuke Posta hata kama basi zima linashuka, we baki mpaka kituo cha mwisho. Gari binafsi iache nyumbani, pa kuegesha huku ni kazi. Vaa viatu ambavyo vikilowa hutaumia roho na jitahidi saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umefika.

Anzia soko la samaki. Hapo Feri asubuhi ndo kuna mnada, boti zimeingia, samaki wanamwagwa mezani kwa mafungu, changu, kibua, jodari, pweza, ngisi, na dalali anaanza kutaja bei huku watu wamemzunguka. Usikimbilie kununua. Simama pembeni sikiliza mafungu matatu manne kwanza mpaka uelewe bei inaanzia wapi na inaishia wapi. Kuna siku nilimuangalia mama mmoja kajifunga kitenge, ana ndoo ya bluu mkononi, hakufungua mdomo hata mara moja, alikua ananyanyua vidole viwili tu usawa wa kiuno na dalali anamuona bila hata kugeuza shingo, dakika kumi ndoo imejaa na mama kashaondoka. Wale ndo wenye soko lao, wanawahi kwenda kukaanga. Ukisikia mtu nyuma yako anasema "pisha pisha" we pisha hapohapo usigeuke kwanza, ana tenga kichwani na sakafu inateleza. Na ukitaka kupiga picha muombe mtu, "kaka samahani naomba nipige picha", wengi watakubali, ila ukinyanyua simu kimyakimya utasemwa na watakua na haki.

Samaki wa kupeleka nyumbani usinunue saa hizi maana utazunguka nao mji mzima. Kunywa chai, kula samaki wa kukaanga wa moto, halafu nenda panda kivuko.

Hiki kivuko ndo kimelipa eneo jina, na watu wengi wa mjini hawajawahi kukipanda kama hawana ndugu Kigamboni. Panda uende na urudi, ni dakika chache tu majini. Unapanda na baiskeli, bajaji, wanafunzi, kina mama na matenga, mtu na godoro lake, wote mmesimama bega kwa bega. Wakati wa kurudi sogea mbele kabisa uangalie mji unavyokuja, paa jekundu na mnara wa kanisa vinaonekana kati ya maghorofa ya vioo, na hapo ndo unaelewa kwa nini waliupenda mlango huu wa bandari, maji yametulia na bahari kubwa huioni mpaka utoke nje kabisa.

Ukishuka shika barabara ya baharini, zamani ikiitwa Ocean Road, toka 2013 inaitwa Barack Obama. SIMU WEKA MFUKONI kabla hujafika uzio wa Ikulu. Sio picha ya geti tu, hata kujipiga mwenyewe Ikulu ikiwa nyuma yako usifanye, na usisimamesimame bila sababu, tembea mwendo wako wa kawaida. Macho hayakatazwi. Jumba la Magogoni la mwanzo lilikua la gavana wa Kijerumani, likapigwa mizinga na manowari za Waingereza kwenye vita 1914, halafu haohao Waingereza wakajenga upya juu ya msingi uleule, likakamilika 1922, ndo maana lina zile varanda za matao. Ukiwa na bahati utawasikia tausi wanalia huko ndani.

Mbele kidogo ni Ocean Road, hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897 ambayo leo ni taasisi ya saratani. Jengo ni zuri mno, ila watu wanaoingia pale wanaumwa na wengine wametoka mikoani mbali na wamechoka, kwahiyo pita taratibu, usipige picha watu, ukikuta mzee kakaa nje msalimie shikamoo uendelee.

Kata kushoto sasa uingie ndani kuelekea mtaa wa Shaaban Robert. Hapa ndo penyewe napopapenda kuliko pote, miti mikubwa, kivuli, nyumba za zamani zenye madirisha marefu, na ukija Desemba mikrismasi imetoa maua mekundu barabara yote inawaka. Kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa 1893 na Mjerumani Stuhlmann, alikua anajaribishia mazao humo. Ingia utafute mnazi wa Shelisheli, ule wenye nazi kubwa kupita zote duniani, kisha kaa chini dakika ishirini. Jirani hapo ni Karimjee, ukumbi lilipokua linakaa Baraza la Kutunga Sheria na baadae Bunge letu kabla ya Dodoma. Mara nyingi misiba ya viongozi inaagiwa pale, kwahiyo ukikuta magari mengi na watu wamevaa nyeusi usiombe kuingia kuangalia ukumbi, siku hiyo ruka.

Makumbusho ya Taifa iko mtaa huohuo, ilifunguliwa 1940. Watu wanaingia wanaona magari ya viongozi wanatoka. Usifanye hivyo. Nenda kwenye chumba cha chimbuko la binadamu usome habari za fuvu la Zinjanthropus, lile aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na ukitoka simama kwenye kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 7 Agosti 1998. Dar peke yake walikufa watu 11. Waliokuwepo siku hiyo bado wanakumbuka walipokua wamesimama, mtoto wako aliezaliwa juzi hajui kitu, mueleze.

Mpaka hapo njaa itakua imerudi. Kula kwa mama lishe huko mitaa ya nyuma, fuata wanafunzi wa chuo cha IFM wanapoelekea saa sita na nusu, wao wanajua. Mama ninayekula kwake mimi zamani alikua anapika kwa kalenda ya mishahara ya wizara, ikifika mwisho wa mwezi anaongeza kuku na biriani, katikati ya mwezi maharage na mchicha. Wizara zilipohama alikaa kama mwaka mzima anapunguza sufuria moja moja. Leo anapika kwa kalenda ya chuo, wakifunga na yeye anaenda kwao Rufiji. Salimia kwanza, "mama shikamoo, leo kuna nini", halafu ndo uagize. Kua na hela ndogo ndogo.

Ukishiba nyoosha na Samora mpaka sanamu ya Askari, hii barabara Waingereza waliiita Acacia, baadae ikawa Independence, ndo ikaja Samora. Askari yupo hapo toka 1927, mtutu na singe yake vinaelekea bandarini, na mahali hapohapo Wajerumani walikua wameweka sanamu ya Wissmann, gavana wao wa zamani. Sogea usome maandishi, yako kwa Kiingereza na Kiswahili, kingine kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, yanawataja mpaka wapagazi waliobeba mizigo ya Vita Kuu ya Kwanza. Angalia magari wakati wa kuvuka, pale hawakusubiri.

Shuka chini kuelekea bahari unakutana na Azania Front ya Walutheri, ule mnara uliouona toka kwenye kivuko, na ukifuata Sokoine unafika St. Joseph ya Wakatoliki, yote mawili ni ya enzi za Wajerumani. Ukitaka kuingia ndani vaa vizuri na zima mlio wa simu, kuna watu wanasali hata siku za kazi. Mbele kidogo malizia na Boma la zamani, mbele ya zinapopandiwa boti za Zanzibar. Wengi wanalipita bila kugeuka kumbe lilijengwa miaka ya 1866 na 1867 kwa amri ya Sultan Majid, kabla Mjerumani hajafika kabisa. Weka kiganja ukutani. Yale ni mawe ya matumbawe, yametolewa baharini, na ndani kuna ubaridi hata mchana.

Kituo cha Posta ya Zamani kiko karibu hapo. Panda gari kabla ya saa tisa, zaidi ya hapo foleni ya watu wanaotoka kazini utaijutia, na kama bado unataka samaki wa nyumbani panda inayorudi Kivukoni, angalia macho yawe yanang'aa na matamvua mekundu, na bei ya kuparuliwa kubaliana kabla kijana hajashika kisu.