Uvimbe chini ya ngozi ya mtoto: namna ya kuupima na kuufuatilia

Vinundu vingi vinavyopapaswa chini ya ngozi ya mtoto si saratani. Kabla ya kuutafutia uvimbe jina, jua mambo manne: upo wapi, una ukubwa gani, ukiguswa ukoje, na unakua kwa kasi gani. Daktari naye ataanzia hapohapo.

Pima kwa rula yenye milimita, jicho hudanganya. Weka rula juu ya ngozi bila kukandamiza, soma upande mrefu zaidi, andika kipimo na tarehe. Piga picha rula ikiwa kando ya uvimbe. Rudia baada ya wiki moja, si kila siku. Uvimbe unaominywaminywa huchokozeka: tezi hutuna, kifuko hupasukia ndani kikatunga usaha, na mzazi hudhani unakua kumbe ni vidole vyake.

Sasa papasa kwa ncha za vidole viwili. Je, unateleza au umeshikana na kilicho chini? Shingoni, kisogoni, kwapani na kinenani, mara nyingi ni mitoki, yaani tezi zilizovimba kwa sababu ya mafua, vidonda vya kichwani au jino bovu. Kwa hiyo chunguza pia ngozi ya kichwa, masikio, koo na meno. Mtoki wa kawaida huteleza, hauumi sana, na huwa chini ya sentimita 1 shingoni, au 1.5 kinenani. Hupungua taratibu ndani ya wiki 4 hadi 6, ingawa mwingine huendelea kupapasika kwa miezi. Kama hakuna wekundu, joto wala homa, antibayotiki haziusaidii. Ukiwa juu ya mtulinga, usisubiri hata uwe mdogo: mpeleke mtoto hospitali.

Uvimbe ulio katikati ya shingo, mwambie mtoto atoe ulimi nje. Ukipanda juu, yaelekea ni kifuko kilichobaki kwenye njia iliyopitiwa na tezi ya shingo (thiroidi) mtoto alipokuwa tumboni. Huondolewa kwa upasuaji pamoja na kipande cha mfupa mdogo ulio chini ya ulimi. Kipande hicho cha mfupa kikiachwa, mara nyingi kifuko hurudi. Kinundu kwenye ncha ya nje ya nyusi, kilichokaa palepale tangu uchanga, kwa kawaida ni kifuko cha ngozi kilichonasa. Lakini kikiwa katikati ya pua, mtu asikitoboe kabla ya kupigwa picha, kwani kinaweza kuwa na mzizi unaofika ndani ya fuvu.

Kinundu kigumu kama kokoto, chenye rangi ya samawati, usoni au shingoni, kwa kawaida ni cha vinyweleo na hakina madhara. Hakipotei chenyewe, hukatwa. Kinundu cha kifundo cha mkono, kikimulikwa kwa tochi gizani, hupitisha mwanga kwa sababu kina ute. Vingi hupotea bila dawa. Desturi ya kukigonga ili kipasuke iachwe: huumiza, na kifuko hujaa tena.

Alama nyekundu iliyoinuka, inayojitokeza wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, hukua kwa haraka miezi ya mwanzo kisha husinyaa polepole kwa miaka. Ikiwa karibu na jicho, mdomo au pua, au ikichubuka, iangaliwe mapema, kwa sababu dawa hufaa zaidi ikianzwa kabla haijakua.

Kinundu chini ya chuchu ya msichana wa miaka 8 au zaidi, hata cha upande mmoja, ni titi linaloanza. Kisikatwe: kukitoa ni kulitoa titi lenyewe.

Uvimbe wa kinenani unaotokea mtoto akilia na kurudi ndani akitulia ni ngiri, na lazima uonwe na daktari wa upasuaji. Ukikwama, ukawa mgumu na mtoto akatapika, ni dharura ya saa hiyohiyo.

Hizi nazo zisisubiri wiki ya pili ya kupima: uvimbe unaozidi sentimita 5, mgumu ulioshikana na kilicho chini, unaokua wiki hadi wiki, au unaoandamana na homa ya muda mrefu, jasho la usiku au kukonda. Wa tumboni usiuminye tena. Mpeleke mtoto leo.

Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni ultrasaundi: haina mionzi na haihitaji dawa ya usingizi. Uvimbe ukiondolewa, omba nyama hiyo ipelekwe maabara, hata kama kila mtu ana hakika ni kitu gani.