SOMO: Chakula cha harusi ya watu 300, kupika wenyewe nyumbani Mwanza bila kuvunja kibubu

Habari za jioni wapendwa. Msimu wa harusi umefika na nimeulizwa swali hilihili na watu wanne, kwahiyo naandika yote hapa ili anayehitaji asome kwa nafasi. Mimi napikia harusi za ukoo na majirani huku Igoma, sio mpishi wa hoteli, nimejifunzia kwenye mafiga na moshi machoni.

Niseme mapema kabisa, hela ya chakula cha harusi haipotei jikoni, inapotea kwenye orodha ya vyakula 14 ambavyo kila mtu anaonja kijiko kimoja, na inapotea mezani wakati wa kupakua. Aina chache za vyakula, ila kila kimoja kiwe kingi na cha moto. Hayo mengine yote yanatokana na hapo.

HATUA YA 1: Jua idadi ya kweli
Usihesabu kadi, hesabu vichwa. Kadi ya dabo ni watu wawili, na hujahesabu kamati, kwaya, MC, watu wa mziki, wapiga picha, madereva na wapishi wenyewe. Hao hawana kadi ila wanakula, na wanakula kwa njaa maana wameanza kazi asubuhi. Kwenye 300 mimi naweka 30 juu. Alafu muulize mwenye ukumbi kabla hujalipa chochote kama anaruhusu chakula cha nje, maana kuna kumbi zinatoza hela ukiingia na chakula chako na wanakuambia siku mbili kabla. Ilitukuta kwenye harusi ya mdogo wangu, hela ya soda yote ikaishia pale.

HATUA YA 2: Chagua menyu na uisimamie
Yangu ya watu 300 ni hii: pilau ya ng'ombe, wali mweupe, ndizi, rosti ya nyama, sangara wa kukaanga, maharage, kabichi ya karoti na hoho, kachumbari, tikiti. Basi.

Mtaona sijaweka kuku. Mwenye uwezo wa vyote viwili aweke, ila kama hela ni ya kubana chagua kuku AU samaki. Na sisi tunaoishi kando ya ziwa sioni kwanini tuhangaike na kuku 40 wakati soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba liko karibu. Sato mzima mzima ni mzuri sana ila kwa watu 300 atakumaliza, kila mgeni anataka samaki wake mwenye kichwa na mkia. Minofu ya sangara unakata mwenyewe, kilo moja inakupa vipande 9 hadi 10, kwahiyo kilo 37 zinatosha kipande kimoja kwa kila mtu, na wale 30 wa juu wamo. Nenda alfajiri na boksi lenye barafu, bonyeza mnofu kwa kidole, ukirudi juu ni mpya, ukibaki na shimo achana nao hata wakikupunguzia bei.

HATUA YA 3: Vipimo (hapa andikeni)
Mchele jumla kilo 36, yaani 24 za pilau na 12 za wali mweupe. Nyama kilo 16 kwenye pilau na 25 ya rosti. Ndizi mikungu minne mikubwa, zile za Bukoba. Maharage kilo 10. Vitunguu maji kilo 20 (usishangae, kachumbari peke yake inakula 8), nyanya kilo 30, mafuta dumu la lita 20. Soda kreti 13 ndio chupa 312, ongeza kreti 3 alafu kubaliana na muuzaji kwamba zisizofunguliwa unarudisha.

Bei siandiki kwa sababu mchele wa mwezi wa sita na mchele wa mwezi wa pili sio bei moja, zunguka sokoni wiki ileile. Ila nunueni mchele mapema, baada ya mavuno, kwa gunia, mkajaribu kupika kilo moja nyumbani. Mchele mpya unataka maji kidogo, wa zamani unakunywa. Kama hujaujaribu utaujulia kwenye sufuria la watu 100 na hapo hakuna kurudi nyuma.

Na ombeni michango ya vitu! Shangazi wa Sengerema ambaye hana laki mkononi anaweza kuwa na gunia la mchele stoo, na siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limerahisisha, hamna tena kusubiri kivuko. Mjomba wa Magu anatoa ng'ombe. Ng'ombe aende machinjioni akakaguliwe, asichinjiwe uani tu, na jueni nyama mtakayopata ni kama nusu ya uzito wake akiwa mzima. Utumbo na kichwa ni supu ya wapishi na wazee asubuhi.

HATUA YA 4: Kupika
Sufuria moja isizidi kilo 12 za mchele hata kama ni kubwa kiasi gani. Mwaka wa kwanza nilitia kilo 25 kwenye sufuria moja nikiwahi muda. Nikafunua, juu mchele mbichi unagonga jino, katikati bokoboko, chini mkaa mtupu na ile harufu ya kuungua imepanda mpaka juu. Nililia nimekaa kwenye kigoda na mwiko mkononi, mama mmoja jirani akaniambia mwanangu nyanyuka, washa sufuria jingine. Tulitumia mchele wa wali mweupe, wageni wakala pilau tu siku ile.

Pilau ya wengi: kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia kabisa, rangi inatoka hapo sio kwenye unga wa dukani, tia tangawizi na vitunguu swaumu, bizari nzima, nyama iliyoiva na supu yake, mchele. Maji yakikauka unapunguza moto chini, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko. Usikoroge koroge.

Muda sasa. Kama wageni wanakula saa 2 usiku, pilau ianze saa 10 jioni, wali saa 11, samaki ndio wa mwisho. Rosti na maharage ndio vinaweza kutangulia mchana, vikae motoni. Chakula kiende ukumbini kwenye hotpoti kubwa kikiwa kinatoa moshi. Wali uliopoa ukakaa masaa na joto letu hili unaumwisha watu tumbo hata kama haunuki, na kupasha upya hakusaidii.

HATUA YA 5: Kupakua
Mgeni mmoja anachukua kama sekunde 15 mezani, kwahiyo foleni moja ya watu 300 ni saa moja na robo, wa mwisho anakula MC ameshaanza kuaga. Weka meza katikati, watu wapite pande zote mbili, na meza kama hiyo ziwe mbili. Mgeni ajipakulie wali, ndizi na mboga mwenyewe. Nyama na samaki WAPAKULIWE, na mpakuaji awe mama mtu mzima anayejua kusema "karibu mwanangu" huku kijiko chake hakibadiliki. Ukiweka kijana ataona aibu kwa rafiki zake, meza ya 20 itakuta mchuzi.

MASWALI

Dada wa Buhongwa: Mama shikamoo, mimi nina watu 150, nagawa kila kitu kwa mbili?
Marahaba mwanangu. Mchele, nyama na samaki ndiyo, gawa. Mafuta usishuke chini ya lita 12 kwa sababu ya kukaanga samaki. Wali mweupe unaweza kuacha kabisa, pilau inatosha.

Kaka wa Nyakato: Hatuwezi kupika usiku wa kuamkia ili kupunguza presha?
Kupika hapana. Usiku chambueni mchele, menyeni na kutwanga swaumu na tangawizi, lowekeni maharage, pangeni kuni. Vitunguu vya kachumbari kateni mchana wa siku yenyewe.

Mdau wa Kisesa: Upande wetu Wakristo, upande wa bwana harusi Waislamu, chakula kiwe tofauti?
Msitenganishe, achinje Muislamu, wote watakula sufuria moja. Liamueni kikaoni mapema na muwaambie wakwe, sio waulizane mezani.

Mama wa Nyegezi: Mama mkwe anataka chipsi, makaroni na saladi ya mayonezi viongezwe, nashindwa kumjibu.
Usimjibu wewe mdogo wangu, mtume shangazi wa upande wako mwenye heshima aende na zile hesabu. Saladi ya mayonezi mimi nakataa popote bila friji ukumbini, inaharibika haraka. Chipsi za watu 300 zinafika zimelowa. Ila kitu kimoja mkubalie, ili ajue amesikilizwa. Makaroni sio ghali.

Mdau: Harusi yangu ni Desemba, mvua je?
Turubai juu ya jiko ni lazima, lifungwe juu sana moshi upite, na mfereji mdogo kuzunguka mafiga. Kuni ziingizwe ndani wiki nzima kabla, na gunia moja la mkaa liwe akiba. Mwaka jana mvua ilianza saa 11 tuna sufuria tatu motoni, vijana wakashika turubai kwa mikono pembe zote nne mpaka wali ukaiva.