Kumshukuru Mungu kwa Kutaja Jambo Lenyewe

Katika ibada nyingi za Jumapili hapa Kisumu, kipindi cha ushuhuda hufunguliwa kwa maneno ambayo hata mtoto mdogo anayajua: Mungu ni mwema, na kanisa zima huitikia, kila wakati. Kisha mtu husimama, akamshukuru Mungu kwa uhai, kwa afya na kwa yote aliyomtendea, akaketi. Sina ugomvi na maneno hayo, kwani ni ya kweli. Shida ni kwamba mtu anaweza kuyasema kwa miaka 20 bila kukumbuka hata jambo moja alilotendewa. Zaburi 103 inaiambia nafsi isizisahau fadhili zote za Bwana, na fadhili hazikumbukwi kwa jumla, hukumbukwa moja moja.

Kwa hiyo tafuta daftari la kawaida, na kila usiku kabla ya kulala andika jambo moja tu, ukitaja siku, mahali na mtu aliyehusika. Usiandike "riziki". Mama mmoja wa kanisani kwetu, anayeuza omena katika soko la Kibuye, alinionyesha ukurasa wake uliokwisha kunuka samaki: "Jumanne mvua ilinikuta nimeanika. Kijana wa mkokoteni akaacha mzigo wake akanisaidia kufunika kwa turubai. Gorogoro nne zikapona." Hapo pana hatari, pana msaada, na pana kipimo cha kilichookolewa, kwa hiyo akipiga magoti ana jambo la kumwambia Mungu. Lisome daftari lako kwa sauti kabla hujaomba chochote, maana haja zikitangulia, shukrani hubaki kuwa salamu za kuagia.

Baada ya kusoma, rudi. Katika Luka 17 wakoma kumi walitakaswa wakiwa njiani, na mmoja wao, Msamaria, akarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka miguuni pa Yesu. Tumezoea kuwalaumu wale wengine, lakini tukisoma vizuri tutaona kwamba hawakukataa agizo lolote. Walikuwa wameambiwa waende kujionyesha kwa makuhani, nao wakaendelea na safari. Ndivyo na sisi tunavyopotea, si kwa uovu bali kwa shughuli, na swali la "wale kenda wa wapi?" linamhusu hasa mtu mwenye ratiba iliyojaa. Weka siku moja katika juma ya kumrudia mtu ambaye Mungu alimtumia kukusaidia. Yule mama alimtafuta kijana wa mkokoteni siku ya Alhamisi, akamfungia omena za chakula cha jioni katika gazeti, akamweleza kwamba alikuwa amemtaja katika maombi. Kijana, kwa maelezo yake mama, alicheka kwa haya, kisha akaomba atajwe tena.

Shukrani pia iwe na kitu mkononi. Walawi 7:15 inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku iyo hiyo inapotolewa, isisazwe hata asubuhi. Yeyote aliyewahi kuchinja mbuzi nyumbani anajua kwamba familia moja haiwezi kummaliza kwa siku moja, na nadhani kwamba agizo hilo, pamoja na mengine yote lililokusudia, lilimlazimu mwenye shukrani kuwaita majirani. Si lazima uwe na mbuzi. Sufuria ya githeri au kikapu cha mahindi mabichi kutoka shamba la Bungoma chatosha, mradi kifike kwa jirani siku hiyo hiyo. Ila usitoe ukitarajia urudishiwe mara mbili, kwa sababu hiyo ni biashara, hata ikiitwa sadaka.

Kuna sala moja inayonikera kidogo, nami nimeisali mara nyingi: tunakushukuru Bwana kwa kuwa wengine walitamani kuiona siku hii hawakuiona, na wengine wamelazwa hospitalini. Nia yake ni unyenyekevu, lakini inakaribia mno ile ya Farisayo wa Luka 18, aliyeshukuru kwa kuwa yeye si kama watu wengine. Ukiwakumbuka wagonjwa, waombee. Usiwafanye kipimo cha baraka zako.

Linabaki gumu zaidi, yaani mwaka mbaya. Mto Nyando unapofurika na kuchukua mimea ya mtu, asilazimishwe kuyashukuru maji. Paulo anapowaandikia Wathesalonike "shukuruni kwa kila jambo", Kigiriki chake kinasema katika kila jambo, na Wafilipi 4:6 inaweka kusali, kuomba na kushukuru mahali pamoja, bila kumnyima mtu nafasi ya kulia. Zaburi 13 ina mistari sita tu, nayo inaanza kwa kuuliza Bwana atanisahau hata lini, kisha inaishia kwa wimbo kuhusu ukarimu wake. Usiku wa namna hiyo, andika lalamiko lako kwanza, likiwa limetajwa kwa siku na mahali kama mengine yote, kisha uache mistari kadhaa mitupu chini yake. Huenda ukaijaza baada ya juma moja, au baada ya mavuno yajayo; daftari halina haraka.